Ni Ugonjwa, au Ni Pepo?

 

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi hulinong'ona tu. Hapa Kisumu, na katika makanisa ya kando ya ziwa kutoka Asembo hadi Kendu Bay, hakuna swali ambalo mchungaji huulizwa kwa sauti ya chini kuliko hili: "Pasta, huyu mtoto wetu, ni ugonjwa au ni pepo?" Anayeuliza huwa ni mama, au kaka mkubwa. Mara nyingi amekwisha kuuza ng'ombe. Amekwisha kwenda kwa ajuoga, akaenda kwa nabii mwenye kanzu nyeupe, akaenda zahanati, na sasa amefika kwetu. Hataki hotuba. Ataka neno moja tu, kwa sababu ajua kwamba neno hilo ndilo litakaloamua mgonjwa apelekwe wapi kesho asubuhi, na afungwe kamba au asifungwe.

Basi yafaa tuangalie waliotutangulia walilijibu swali hili namna gani, na majibu yao yalifanya nini kwa wagonjwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno letu la Kiswahili, wazimu, ni jamaa ya mzimu, yaani roho ya mtu aliyekufa. Kwa hiyo asemaye kwamba fulani ana wazimu amekwisha kutaja chanzo, hata kama mwenyewe hana habari. Waingereza nao walikuwa na neno lililotokana na mwezi, kwa kuwa watu wa kale walidhani mwezi mpevu huvuruga akili. Wajaluo husema neko, na mwenye neko ni janeko. Lakini wazee hawakuita kila kitu neko. Mtu aliyeanza kutetemeka, akasema kwa sauti isiyo yake, huenda wakasema ana juogi. Huyo alitafutiwa ajuoga, ngoma zikapigwa, na roho ile ikatulizwa; haikuwa lazima ifukuzwe. Wengine walipopona waligeuka kuwa waaguzi wenyewe. Na aliyekonda na kudhoofika baada ya mwiko kuvunjwa nyumbani, huyo walisema ana chira. Huo ulikuwa utaratibu kamili wa kupambanua magonjwa, ingawa haukuandikwa kitabuni.

Msidhani nayataja haya tupate kuyacheka. Hata leo, jioni ikiingia na uvumi ukienea kwamba nyawawa wanapita, utasikia madebe na sufuria zikigongwa mtaa hadi mtaa ili roho hizo zirudi ziwani, na baadhi ya wanaogonga ni washiriki wetu wa Meza ya Bwana! Utaratibu wa wazee ulikuwa na jambo moja jema ambalo hospitali nyingi hazina: mgonjwa hakuletwa peke yake. Ukoo wote uliitwa, na ugomvi uliofichwa ukatolewa nje. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa asipopona, ilibidi apatikane wa kulaumiwa: mke mwenza, jirani mwenye jicho, mjane aliyekiuka desturi. Na janeko aliyekuwa na nguvu za kupiga watu alifungwa kamba mtini.

Wengine wetu hudhani kwamba Biblia imekwisha kulimaliza swali hili, kwamba kila aliyechanganyikiwa ana pepo. Hebu tusome polepole. Katika Mathayo, sura ya 4, mstari wa 24, mwandishi ataja waliokuwa wakiletwa kwa Bwana Yesu, naye awataja kwa mafungu: wenye pepo ni fungu moja, wenye kifafa ni jingine, waliopooza ni jingine. Neno la Kiyunani analolitumia kwa wenye kifafa ni lile linalotokana na mwezi. Naam, katika sura ya 17 yuko kijana aliyeitwa kwa neno hilohilo, na Bwana akamkemea pepo. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba Injili yakataa kuwapo kwa pepo, haikatai. Nasema tu kwamba mwandishi wa Injili hakuwaweka watu wote katika kapu moja, na sisi hatukupewa ruhusa ya kuwaweka.

Mjadala huu ulikuwa wa zamani hata wakati ule. Yapata miaka 400 kabla ya Kristo, katika vitabu vilivyopewa jina la tabibu Hippocrates wa Uyunani, iliandikwa kwamba kifafa, kilichoitwa ugonjwa mtakatifu, si kitakatifu kuliko magonjwa mengine, na kwamba chanzo chake ki katika ubongo. Alikosea juu ya mengi, lakini alikuwa amethubutu kutenganisha ugonjwa na lawama.

Ulaya ya Kikristo haikuifuata njia hiyo sikuzote. Huko London nyumba ya watawa iliyowekwa mwaka 1247 kwa jina la Bethlehemu, mji aliozaliwa Mwokozi, ilikuja kuwa mahali pa kuwafungia wenye wazimu, na katika karne ya 18 watu walilipa kiingilio ili wawatazame kama tunavyotazama simba. Mageuzi yalipokuja, yalikuja kwa sehemu kutoka kwa Wakristo. Mwaka 1790 mwanamke mmoja wa dhehebu la Marafiki alikufa ndani ya nyumba ya vichaa mjini York, na jamaa za dhehebu lake walikuwa wamekatazwa kumwona. Mfanyabiashara wa chai aitwaye William Tuke aliona uchungu, na mwaka 1796 Marafiki wakafungua nyumba yao wenyewe, bila minyororo, yenye bustani na kazi za mikono. Hao ndio Marafiki waliofika kwetu mwaka 1902 na kujenga misheni ya Kaimosi. Likumbukeni jina lao, nitalirudia.

Sasa niwapeleke katika jambo lililotokea ziwani kwetu, nalo kwangu lafundisha kuliko mambo ya York.

Mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika Kisumu, Daktari Albert Cook na nduguye, wa hospitali ya misheni ya CMS huko Mengo, Uganda, walipokea wagonjwa wa ugonjwa ambao haukuwa umejulikana upande huu wa Afrika. Ulikuwa ugonjwa wa malale. Kwa muda wa miaka michache ulienea Busoga na visiwani, ukaingia pwani yetu ya Kavirondo, kama Nyanza ilivyoitwa siku hizo. Huko Uganda peke yake zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka ishirini ya kwanza ya karne ile. Maseno ilipoanzishwa mwaka 1906, ilianzishwa katikati ya msiba huo.

Nauleta ugonjwa huu katika mazungumzo ya akili kwa sababu ya namna unavyomjia mtu. Kwanza ni homa, na tezi za shingo huvimba. Kisha, baada ya majuma au miezi, tabia hugeuka. Mtu mpole awa mkali. Mchapakazi akaa mchana kutwa akisinzia, na usiku azungukazunguka. Huyu aongea peke yake, yule awapiga watoto wake, mwingine hawatambui nduguze. Ni baadaye tu ndipo usingizi humlemea kabisa hata akafa. Jirani akimwona mtu kama huyo, akiwa hajui kitu kingine, atasema nini? Atasema ni wazimu, au ni juogi, au amelogwa. Macho yake yameona sawasawa. Kilichokosekana ni kule ndani kusikoonekana.

Wala madaktari hawakujua mara moja. Wataalamu waliotumwa kutoka Uingereza mwaka 1902 walikuja wakitafuta mnyoo fulani wa damu. Daktari kijana Mwitaliano, Aldo Castellani, alidhani kwanza ni bakteria. Ndipo mwishoni mwa mwaka huo, akiwa Entebbe, alipotazama kwa darubini maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa, akaona kijidudu kikijinyonganyonga. Mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba kijidudu hicho huchukuliwa na mbung'o, inzi yule wa vichaka vya kando ya maji. Dawa zilichelewa. Robert Koch mwenyewe, Mjerumani mwenye sifa duniani, alikwenda visiwa vya Ssese mwaka 1906 na dawa yenye aseniki, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Ugonjwa ulirudi Alego katika miaka ya 1960, na bonde la Lambwe lilisumbuka hadi miaka ya 1980. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza usiwe tena tatizo la afya ya umma.

Tafakarini jambo hilo. Watu walewale ambao mwaka 1900 wangeitwa wenda wazimu, au wenye juogi, mwaka 1903 waliitwa wagonjwa wenye kijidudu katika maji ya uti wa mgongo. Wao hawakubadilika, jina ndilo lililobadilika, na pamoja nalo ikabadilika njia ya kuwatendea. Jambo kama hilo lilitokea tena mwaka 1913, ilipogunduliwa kwamba aina moja ya wazimu iliyojaza hospitali za Ulaya na Marekani ilikuwa kaswende iliyopanda kwenye ubongo. Na sisi watu wa ziwa twaijua malaria inayopanda kichwani: mtoto aweweseka, apiga kelele, akaza meno, na wakati mwingine jamaa huketi wakishauriana juu ya mchawi hali saa zapita.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila ugonjwa wa akili umekwisha kupatiwa kijidudu chake. La. Kuna ule unaoitwa skizofrenia, ambao mtu husikia sauti zisizosikiwa na wengine na mawazo yake hukatikakatika. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu cha kuutambua. Mjerumani Emil Kraepelin ndiye aliyeupambanua vizuri, katika kitabu chake cha mwaka 1899, na ugonjwa mwingine wa kupanda na kushuka kwa moyo, naye aliupambanua kwa kufuatia maisha ya wagonjwa miaka mingi, si kwa darubini. Shirika la Afya Duniani liliyaingiza magonjwa ya akili katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1948, nayo imesahihishwa mara kadhaa. Ya sasa ilianza kutumika Januari 2022. Kwa maneno ya kawaida, wataalamu huuliza hivi: Je, mawazo, hisia au matendo ya mtu huyu yamevurugika kweli? Yamedumu? Yamletea mateso, au yamzuia kufanya kazi na kukaa na watu? Na tena, je, ni jambo ambalo desturi ya watu wake yalitazamia? Swali hili la mwisho ni la maana. Mgeni aliyefika Nyanza siku ya tero buru, akaona wanaume wazima wakikimbia na ng'ombe na mikuki, wakipiga kelele kufukuza kifo, angeweza kuandika kwamba kijiji kizima kimerukwa na akili. Kumbe wanamlilia mzee wao.

Na wageni waliandika kweli. Hapo ndipo twafika Mathari.

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya vichaa mjini Nairobi, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikaitwa Mathari, na jina hilo limekuwa tusi. Ni nani kati yetu hajasikia watu wakiambiana kwamba fulani ni wa Mathari? Njia ya kufika huko kutoka Nyanza ilipitia kwa polisi na hakimu, halafu reli. Kwa hiyo waliofikishwa ni wale waliosumbua: aliyechoma nyumba, aliyevua nguo sokoni, aliyempiga askari. Mama aliyekaa kimya nyuma ya nyumba yake mwaka mzima, asile, asioge, akitamani kufa, huyo hakuna polisi aliyemfuata.

Sasa, daktari J. C. Carothers aliisimamia Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Kutokana na aliowaona humo akaandika kwamba huzuni ya ugonjwa ni adimu kwa Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilichapa kitabu chake, ambamo aliilinganisha akili ya Mwafrika mzima na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Nairobi ikachapa maelezo yake juu ya Mau Mau, nayo yakaeleza vita vya watu walionyang'anywa ardhi kana kwamba ni maradhi ya moyo. Nadhani hakuwa mtu katili. Alikuwa amesimama kwenye mlango mmoja, akahesabu wanaopita hapo, akadhani amehesabu nchi nzima.

Katika miaka yake hiyo aliletwa Mathari mtu mmoja ambaye wazee wetu walimjua: Elijah Masinde wa Kimilili. Wakati huo nchi ya Wabukusu ilikuwa ndani ya jimbo la Nyanza, na makao makuu ya jimbo yalikuwa hapa Kisumu. Masinde alilelewa katika kanisa la Marafiki, wale wale wa York na Kaimosi, akatoka, akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Mwaka 1944 aliwapinga waziwazi maofisa waliolazimisha watu kung'oa magugu na kwenda kazi za shuruti. Alishtakiwa, na mwaka 1945 akapelekwa Mathari kama mgonjwa wa akili. Alitoka mwaka 1947. Mwaka 1948, baada ya polisi kuwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, alihamishiwa Lamu, akakaa huko mpaka uhuru ulipokaribia. Hata serikali ya uhuru ilimfunga tena. Alikufa mwaka 1987.

Sisemi mafundisho yake yalikuwa sawa. Mimi ni kasisi wa Kianglikana, na kwa habari ya Msambwa ningebishana naye mchana kutwa. Lakini kubishana na mtu ni kumhesabu kuwa ana akili. Kumtia wodini ni kumwambia kwamba maneno yake si maneno, ni dalili. Hila hii si ya Kenya peke yake. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Marekani, Samuel Cartwright, alitangaza kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, akautungia na jina la Kiyunani! Twasoma katika Marko 3 kwamba jamaa za Yesu mwenyewe walitoka kwenda kumkamata kwa kudhani amerukwa na akili, na katika Matendo 26 liwali Festo alimpigia Paulo kelele kwamba elimu nyingi imemtia wazimu.

Sheria nayo ilihangaika na ufafanuzi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilisema kwamba mwenye ugonjwa wa akili ni mtu aliyeonekana kuwa nao kwa mujibu wa sheria hiyo. Ni kama kusema kwamba samaki ni kile kinachouzwa na muuza samaki. Marekebisho ya mwaka 2022 yakaweka kazi hiyo wazi mikononi mwa wataalamu wa afya ya akili, na kuwataja ndani yake waliofungwa na pombe au dawa za kulevya, na wanaofikiria kujiua.

Na je, ile huzuni aliyosema Carothers kwamba ni adimu kwetu? Mwaka 2004 watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Maseno, hatua chache kutoka chuo chetu cha theolojia cha Mtakatifu Filipo. Hawakungoja polisi wawaletee watu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: karibu mtu mzima 1 kati ya 10 alikuwa na ugonjwa wa huzuni au wa wasiwasi uliopita kiasi. Wenyewe hawakuuita hivyo. Kwa Kijaluo mtu husema ana paro mang'eny, mawazo mengi. Husema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, hapati usingizi; naye hupewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Wengi wao huketi katika viti vyetu vya kanisa kila Jumapili.

Kwa hiyo nikiulizwa na yule mama, kwanza namwuliza maswali: ilianza lini, kulikuwa na homa, aanguka kifafa, anywa nini, amefiwa na nani. Halafu namwombea mgonjwa huyo palepale, kwa kuwekea mikono, bila kupiga kelele, kwa maana aliyechanganyikiwa si kiziwi. Halafu nawataka wampeleke kwa daktari, na ninakwenda nao nikiweza. Wako wahubiri, hata katika madhehebu yetu makubwa, wanaowaambia wagonjwa kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani. Neno hilo limewaua watu. Mgonjwa wa kifafa akiacha dawa zake ghafula aweza kuanguka katika moto wa jiko au majini akivua samaki; aliyetulizwa na vidonge akiviacha, sauti zile humrudia, mara nyingi kwa nguvu zaidi. Hao wahubiri hawawaambii wenye kisukari waache sindano.

Liko jambo moja la mwisho, na sheria imelibadilisha juzi tu. Kwa miaka mingi, mtu wa pwani hii aliyekunywa sumu akaokolewa, alikuwa na hatari ya kutolewa kitanda cha hospitali na kuingizwa kizuizini, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo jamaa walificha. Walimwambia daktari kwamba alikunywa dawa ya ng'ombe kwa bahati mbaya, na daktari akatibu tumbo, asiulize habari za moyo. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu huko Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Ikiwa yuko mtu wa namna hiyo nyumbani kwako, unaposikia maneno haya, waweza sasa kumwambia daktari jinsi ilivyokuwa hasa.